Mstari wa Alhamisi

Vijana mliobaki ofisini mmeniambia niandike machache kuhusu miaka yangu ya kusoma mto, kabla sijasahau. Nimekaa na daftari hili siku nne bila kuandika kitu. Shule yangu iliishia darasa la saba, na kazini maisha yangu yote nimeandika namba, si maneno. Namba ina faida moja: ikiwa ya uongo, kesho yake mto wenyewe unaisuta. Maneno hayana wa kuyasuta. Kwa hiyo mkiona mahali nimejipendelea, mjue sikukusudia, na mkiona nimemwonea mtu, njoni mniulize, bado nipo.

Habari za vyeo sitaandika kwa sababu sikuwa navyo, wala mshahara kwa sababu mnaujua. Nitaandika habari za Baba Adela, aliyenifundisha kazi, ambaye wengi wenu hamkumkuta. Tulimzika mwaka huu mwezi wa tatu, mbuga yote ikiwa maji. Jina lake la ubatizo ni Gaspari, lakini hata padri alimwita Baba Adela, kwa jina la binti yake wa kwanza.

Nilifika Ifakara nikitokea milimani Iringa, nimevaa koti zito na viatu vya ngozi, sijui kuogelea. Mto niliouzoea ni ule unaouruka kwa mguu mmoja. Niliambiwa nimtafute Baba Adela. Nilimkuta uani kwa ofisi ya maji akiziba ufa wa mtumbwi kwa lami, mtu mfupi, mpana wa mabega, suruali imekunjwa mpaka magotini, kofia ya ukindu kichwani. Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akatazama viatu vyangu.

"Wewe ndiye Mhehe niliyeletewa?"

"Ndiyo, mzee."

"Yule anaitwa Jimi," akasema, akimwonyesha mbwa aliyelala kivulini. "Ni mfanyakazi mwenzako. Usimtazame hivyo."

Yeye alikuwa Mndamba, na wao na sisi ni watani, hutuita wala mbwa, kwa hiyo sikutegemea kupokewa kwa upole. Nilimjibu kwamba kwetu mbwa aliyekonda kiasi kile hata kwa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, hapiti. Akacheka mpaka akaweka chini kopo la lami. Kuanzia siku hiyo hakuniita kwa jina langu tena.

Siku hiyohiyo tulikwenda mtoni. Kwa asiyejua, rula ya mto ni mbao nyeupe zenye mistari na namba nyeusi, zimesimamishwa moja baada ya nyingine kutoka juu ya ukingo mpaka ndani ya maji. Unasoma maji yamefika wapi, asubuhi na jioni, kila siku ya Mungu, Krismasi ikiwemo. Basi. Kazi inaonekana ya mtoto. Mimi nikiwa juu ya ukingo niliona namba vizuri kabisa, nikaitaja kwa sauti ili ajue nina macho. Alishuka mpaka maji yakamfika magotini, akachuchumaa, akasoma wimbi likipanda, akasoma likishuka, akarudia mara tatu. Kisha akaniambia nivue viatu nishuke. Niliposoma nikiwa palepale, ile namba yangu ya juu ilikuwa imekosea kwa sentimita tano.

"Ile ya kwanza," akauliza, "uliona au ulidhani?"

Nikasema niliona.

"Uliona mbao. Namba ulidhani."

Hayo ndiyo mafunzo yangu, mengine yote yalikuwa nyongeza. Aliniambia kama siku hiyo hukufika kwenye rula, kwa ugonjwa, kwa msiba, kwa mamba, usiandike chochote, piga mstari. "Mstari si aibu," alisema. "Mstari unasema mtu hakufika. Namba ya kudhani inasema mtu alifika, na hakufika." Nilimwelewa, au nilidhani nimemwelewa.

Mambo mengine aliyonifundisha nayaandika hapa kwa kuwa hayamo kwenye kitabu chenu cha maelekezo. Andika kwa penseli, wino hulia ukilowa. Penseli ifunge kwa kamba shingoni, ya pili iweke ndani ya kofia. Kabla hujatia mguu majini, piga maji kwa upondo, ule mti wa kusukumia mtumbwi, upande wa kulia, halafu kushoto, halafu subiri kidogo, kwa kuwa mamba naye anasubiri. Usioshe samaki karibu na rula, na ukimkuta mtu anaosha, mwamkie kwanza ndipo umfukuze. Siku hizi mna kifaa cha sola kinachosoma chenyewe na kutuma namba kwenye simu. Sikilaumu. Hakiogopi kiboko. Ila nimeona kiboko naye hakiogopi, na mwaka ule alipojikuna kwenye nguzo mlisoma namba za ajabu wiki nzima.

Sasa niandike alivyokuwa nyumbani, maana kazini alikuwa nusu tu. Alikuwa na Mama Adela na watoto wanne: Adela, wawili wa katikati, na Deo kitindamimba. Sikuwa na ndugu Ifakara, kwa hiyo miaka mingi nilikula kwao chakula cha jioni. Pale mezani lile swali lake la mtoni lilikuwa sheria. Mtoto akisema fulani kaiba embe, baba anauliza: umeona au umedhani? Mama Adela naye alilichukua, akawa analitumia kwa wauza samaki sokoni waliosema kambale wao ni wa leo.

Kukaa ndani hakukuweza. Hata Jumapili baada ya misa ungemkuta amewatoa watoto wote nje, wanafuata nyayo za kenge au wanatazama ndege wanavyojenga. Shule ikifunga na mto ukiwa chini, aliihamisha familia nzima kwenda kambi ya uvuvi mbugani, wiki moja, wiki mbili. Mimi nilikwenda nao mara mbili. Vibanda vilikuwa vya matete, na chanja ya kubanikia samaki ilijengwa upande ambao upepo hauleti moshi. Alfajiri alikuwa anawaamsha watoto mmojammoja kwa kuwagusa kisigino, bila neno, anawatoa kuwaonyesha sheshe, swala wa mbuga yetu, wakila majani kwenye umande, karibu kiasi cha kusikia meno. Alimfundisha Adela kuendesha mtumbwi kwa upondo akiwa na miaka minane. Lakini aliyeipenda kambi kuliko wote, kwa nilivyoona mimi, ni Mama Adela. Mjini alikuwa mama wa kunyamaza. Kule alikuwa anacheka kwa sauti, na ndiye aliyejua kugeuza samaki juu ya chanja bila mmoja kukatika.

Ili niwe wa haki, niseme na mengine. Baba Adela alisahau mikutano. Alikuja kanisani na tope kwenye visigino. Na alipenda kuongeza siku moja ya mwisho mbugani, halafu nyingine, mpaka shule ikawa imefunguliwa juzi. Nayaandika haya kwa sababu yanahusika na yanayofuata.

Mwaka wangu wa sita kazini nilipelekwa upande wa Chita, kusoma rula ya mto mdogo unaoteremka kutoka milimani na kuingia Kilombero. Kazi ya rula ile ilikuwa kutoa habari mapema. Maji yakipanda kwangu leo, kesho yanaingia mbugani. Simu za mkononi zilikuwa ndiyo kwanza zinafika kwetu. Kila asubuhi nilisoma rula, nikapanda kilimani nyuma ya kituo cha treni ambako mtandao ulipatikana, nikampigia Baba Adela Ifakara.

Desemba ile shule zilifunga mapema na mvua zilichelewa. Ardhi ilikuwa kavu, imepasuka. Baba Adela akaipeleka familia kambini, ingawa Desemba si mwezi wa kuchezea, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Kambi ilikuwa chini kidogo ya mahali mto wangu unapoingia mto mkubwa. Yeye mwenyewe alirudi Ifakara kwa sababu ya rula na kwa sababu wageni wa makao makuu walikuwa wanakuja Ijumaa.

Alhamisi asubuhi niliamka nikasikia ngurumo milimani, mbali. Kwangu haikunyesha hata tone. Nilipofika mtoni nilikuta kiboko jike na mtoto wake wamesimama kati ya njia na rula. Nilisubiri. Nilirusha udongo, jike akanijia juu, nikajuta. Ukungu ulikuwa juu ya maji na mbao sikuziona. Saa ya kupiga simu ilikuwa imekaribia, na mimi sikupenda kuchelewa, nilikuwa najisifu kwa hilo. Nikachukua namba ya jana, nikaongeza sentimita mbili kwa ajili ya ngurumo, nikaiandika. Nakumbuka nilijiona mwangalifu kwa kuongeza zile mbili.

Nikapanda kilimani nikapiga. Baba Adela akaniambia yangeyange, wale ndege weupe, wameondoka kwenye michanga tangu jana na hapendi walivyoruka, upondo anao mkononi, anataka kwenda kuwatoa watoto leo hii.

"Maji kwako yakoje, Mhehe?"

Nikamtajia namba.

Nikasikia upondo ukiwekwa chini. "Yametulia basi," akasema. "Nitawafuata Jumamosi, wageni wakishaondoka."

Jioni nilishuka. Kiboko hakuwepo. Maji yalikuwa yamepita ubao mzima na yalikuwa mekundu, yana majani mabichi. Nilikimbia kilimani nikapiga simu yake mara kumi na moja. Haikupatikana. Baadaye nilijua iliishiwa chaji akiwa mtoni. Niliendelea mpaka giza likaingia. Nampa kila mtu haki yake, hata mimi: nilipiga. Alinipata Ijumaa kulipopambazuka, na alipofika ukingoni mtumbwi wake tayari ulikuwa unaelea mahali alipoufunga pakavu.

Maji yaliingia kambini alfajiri, kimya, kutoka kwenye nyasi. Mama Adela aliwapandisha watoto juu ya kichuguu kikubwa kilichokuwa nyuma ya vibanda. Walikaa pale tangu alfajiri mpaka saa kumi jioni, yeye amembeba Deo, mwenye miaka mitatu, begani, maji yanawafika vifundoni. Vibanda vilikwenda, nyavu zilikwenda, masufuria yalikwenda. Jimi aliogelea kukizunguka kichuguu akitafuta pa kupanda, mpaka akachoka. Watoto walimwona. Baba Adela alipowafikia, aliwahesabu kwa mbali akiwa bado kwenye mtumbwi, kwa sauti, mmoja, wawili, watatu, wanne, halafu akaanza tena. Adela ndiye aliyenisimulia.

Deo akashikwa na homa ya mapafu. Nilipanda treni nikafika Jumapili, nikamkuta wodini, anapumua kama mtu anayepanda mlima. Mama Adela alikuwa ameketi pembeni ya kitanda amemgeuzia mumewe mgongo. Nilisalimia, nikataka kusema palepale. Baba Adela akanishika mkono akanitoa nje mpaka kwenye bomba la maji.

"Alhamisi asubuhi," akasema. "Uliona au ulidhani?"

"Nilidhani."

Hakunipiga wala hakunitukana. Alifungua bomba, akanawa uso, akafunga. Akaniuliza kama daftari nimekuja nalo. Nililitoa. Akaniambia ile namba niikate, nipige mstari, niweke sahihi yangu pembeni. Nikafanya hivyo nimeliegemeza daftari ukutani. Kisha nikamwambia naingia ndani kumwambia mama.

"Huingii," akasema. "Mimi atanichukia huku ananipikia. Wewe atakuchukia tu. Halafu nitakula na nani?"

Nikamwambia si haki. Akasema ndege aliwaona yeye, na Desemba aliichagua yeye. Hilo lilikuwa kweli, na mimi nikalishika kama mtu anayezama anavyoshika jani. Nililia pale bombani. Ndugu zake waliokuja kumwona mgonjwa walinikuta nalia, wakaulizana Mhehe ana nini, na shangazi mmoja akajibu kwamba namlilia Jimi, kitoweo kimekwenda na maji. Wakacheka, wamechoka na hofu, walihitaji kucheka. Baba Adela naye akacheka. Nikaona mlango wa kusema umefungwa.

Deo alipona baada ya wiki tatu. Lakini Mama Adela aliapa kwamba hakuna mtoto wake atakayelala mbugani tena, na mumewe hakubishana naye hata siku moja. Aliendelea kwenda, peke yake, siku mbili tatu, akarudi na unyoya wa korongo au gamba la kobe, akaviweka mezani. Watoto walivigusa kama vitu vya dukani. Wale wawili wa katikati walisahau upondo. Deo hakujifunza kabisa. Leo anaendesha bodaboda Morogoro na hajui kuogelea, kama mimi. Mtaani ikawa inasemwa kwamba Baba Adela ni mtu mwema, lakini aliipenda mbuga kuliko watoto wake.

Na hapa ndipo ninapoona aibu kuandika. Watani tuna kazi yetu kwenye sherehe, na kila sherehe watu walitaka kichuguu. Nilikuwa napanda juu ya stuli, nimevaa kofia yake ya ukindu, nahesabu watoto kwa sauti yake: mmoja, wawili, watatu, wanne! Na watu wote wanaitikia: "Na mbwa?" Mimi nalia machozi ya uongo. Mara ya kwanza nilisukumwa, ningekataa wangeuliza kwa nini. Mara ya pili sikusukumwa sana. Harusi ya Adela kule Mkula niliicheza mbele ya wakwe zake, na Baba Adela aliyekuwa amekaa meza ya mbele alicheka mpaka akafuta macho. Sikuwahi kujua alikuwa anafuta nini. Mama Adela hakuwa anacheka. Alikuwa anatazama sahani.

Miaka kumi na tisa ilipita hivyo. Alistaafu, mimi nikashika rula ya Ifakara. Kila mara nilijiambia nitasema Pasaka, nitasema baada ya mavuno. Mwaka jana figo zake zilianza kumsumbua. Mwezi wa pili mwaka huu nilikuwa nakwenda kumwona kila jioni nikitoka kazini, na kila jioni aliniuliza maji. Siku moja, ya mwisho alipoongea sawasawa, akauliza tena. Kifaa kilikuwa kimetuma namba kwenye simu yangu, lakini mimi sikuwa nimekwenda mtoni siku hiyo.

"Sijashuka," nikamwambia.

"Basi mstari," akasema, akafumba macho. Nilidhani amelala. Kisha akasema, "Umejifunza lakini, Mhehe."

Sijui kama alikuwa ananisifu au ananitania. Nimeliandika kama lilivyo.

Siku ya maziko watani walifika mapema, kama desturi. Dada zetu wawili wa Kihehe walivaa mashati yake, wakakaa njiani wakasema jeneza halipiti mpaka walipwe kuku. Wakapewa kuku, wakasema amekonda. Makaburini, kabla halijashushwa, wakanivisha kofia ya ukindu na kunipa upondo wake, wakanisukuma juu ya lile rundo la udongo. Watu walianza kucheka kabla sijafungua mdomo. Mama Adela alikuwa ameketi kwenye mkeka na wanawake wenzake, Adela pembeni yake.

Nikaanza: mmoja, wawili, watatu, wanne.

"Na mbwa?" wakaitikia, makaburi yote.

Nikatazama lile jeneza, nikaona nikimaliza mchezo huu leo, atashuka nao.

"Mbwa hakuuawa na Baba Adela," nikasema. "Alhamisi ile alikuwa na upondo huu mkononi aende kuwatoa. Aliniuliza maji. Mimi sikuwa nimeshuka mtoni. Nilitunga namba. Aliniamini, akauweka upondo chini."

Wakazidi kucheka. Mtu mmoja nyuma akapiga mluzi akasema Mhehe leo kaja na mpya. Mtani akisema kweli ana kazi ngumu, na haki yao kutoniamini nilikuwa nimeitengeneza mwenyewe kwa miaka kumi na tisa. Nilivua kofia. Nikasimama tu, sikujua nifanye nini kingine. Vicheko vikapungua kimoja kimoja, na katika ule ukimya Mama Adela akaniita, si kwa sauti kubwa.

"Mhehe. Huo ni utani?"

"Hapana, shemeji. Ni kweli."

Akavuta khanga akafunika uso. Padri alisubiri kidogo, akaendelea na sala.

Sikusemeshwa na mtu siku za matanga. Nilichota maji, nikapasua kuni, nikakaa mwisho wa jamvi. Siku ya kuvunja matanga Mama Adela alinifuata nyuma ya jiko. Nilimweleza yaliyosemwa pale bombani, nikajiandaa kwa kelele, lakini hakupiga kelele.

"Nilimnyima watoto wake mbuga," akasema. "Nilijinyima na mimi. Ungesema yuko hai ningemwomba msamaha. Sasa nimwombe nani?"

Niliweka chini kuni nilizoshika.

"Na yeye pia," akaendelea. "Mlikaa wawili mkaamua mimi siwezi kubeba. Hamkuniuliza. Mlidhani."

Akarudi ndani. Niliona kwamba alikuwa amenihukumu kwa haki, na mumewe kwa haki, na kwamba hukumu ya mumewe haikupunguza yangu.

Mwezi wa tano nikastaafu. Mlinifanyia sherehe nzuri na saa ya ukutani, nashukuru. Siku ileile kabla sijarudisha funguo nilifungua kabati la chuma na kutafuta daftari la Chita la mwaka ule. Lipo rafu ya chini, jalada la kijani. Ukurasa wa Desemba una namba iliyokatwa na mstari juu yake, na sahihi iliyopinda. Kijana yeyote atakayeulizwa kwa nini mto ule una siku moja isiyo na namba ya asubuhi, sasa anaweza kujibu. Msiniokoe kwa kusema kiboko alizuia njia. Kiboko alizuia rula. Simu hakuizuia.

Wiki mbili zilizopita Adela alinipigia kutoka Mkula. Tangu maziko hatukuwa tumeongea. Aliniamkia, akasema shule zimefunga, mama anataka kwenda mbugani na wajukuu, siku tatu. Nikauliza mama amesema hivyo mwenyewe? Akasema ndiyo, na amesema niulizwe maji.

Mmoja wenu angeweza kunitumia namba ya kifaa, na nina hakika ingekuwa sahihi. Sikuomba. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nilikwenda kwenye rula, nikavua viatu, nikapiga maji kulia, nikapiga kushoto, nikasubiri. Magoti yangu siku hizi hayapendi kuchuchumaa. Nilisoma mara tatu, wimbi likipanda na likishuka, nikaandika kwa penseli kwenye karatasi, nikaenda bandarini.

Walikuwa wamefika: Mama Adela, Adela, wajukuu watano, sufuria mpya, nyavu za kuazima. Kofia ya ukindu alikuwa ameivaa mjukuu mmoja wa kike, inamfika puani. Adela alikuwa ameshika upondo, na niliona kwa namna alivyousimamisha kwamba mikono yake haijasahau. Nikamwamkia mama. Aliitikia. Akaniuliza maji, nikamtajia namba, nikamwambia jana na juzi yalikuwa yanashuka.

Hakusogea.

"Umeona," akasema, "au umedhani?"

Nilimwonyesha suruali. Aliitazama, ilikuwa imelowa mpaka juu ya magoti, bado inachuruzika. Akaniwekea mjukuu mdogo mikononi, akapandisha khanga yake kidogo, akatangulia kuingia mtumbwini.